Abdalla wa Cheti, Dulla wa Bongwe

Kipaza sauti cha msikiti kinapotangaza msiba huku Bongwe, Kwale, sehemu ya tangazo inayosikilizwa hasa ni ya pili. Kwanza husomwa jina kamili la marehemu, la babake na la babu yake, na watu hutazamana. Aliyekuwa akisuka makuti husimamisha mkono na kumuuliza jirani, ni nani tena huyo? Kisha mtangazaji, ambaye ni mtu wa hapa hapa na kazi yake anaijua, huongeza: "maarufu kwa jina la fulani". Hapo ndipo watu huinuka. Mtu amekaa na wenziwe umri mzima, amewachimbia visima, amewaangulia nazi, amekula pilau za harusi za watoto wao, na jina alilowekewa siku ya akika hawakulijua mpaka leo.

Kwa walio hai, kazi hiyo ya kufichua jina hufanywa na M-Pesa. Unamtumia fundi wa mabomba mia tano zake, ujumbe unarudi na jina la mtu usiyemfahamu, moyo unapiga ukidhani pesa zimeingia kwa mwingine. Unampigia simu, naye anacheka: ndiye mimi huyo. Tangu huduma hiyo ianze mwaka 2007 tumejua majina ya serikali ya majirani zetu kwa wingi kuliko tulivyoyajua miaka yote iliyotangulia.

Makala haya nawaandikia wazazi wapya, pamoja na wale wanaosubiri, wanaokesha wakishindania jina. Baba anataka la babake, mama amelipenda moja la kwenye tamthilia ya Kituruki, shangazi ana lake alilolitoa katika kijitabu cha majina ya Kiislamu kilichonunuliwa Mombasa. Shindaneni, ni haki yenu. Lakini jueni kwamba jina litakaloshinda halitafika darasa la kwanza likiwa zima. Litakatwa, litabanwa, litapachikwa mkia, au litafukuzwa na jingine ambalo hakuna aliyewauliza. Yapo machache ambayo mzazi anaweza kuyapanga mapema, na yapo mengine ambayo akiyapigania ataumwa kichwa bure.

Lakabu ya kwanza huzaliwa nyumbani, tena kwa sababu ya adabu. Kwa Wadigo, kama kwa majirani zao wengi, majina hurithiwa: kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, anayefuata la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Ndiyo maana seneta wa kwanza wa Kwale, aliyechaguliwa mwaka 2013, aliitwa Boy Juma Boy: Boy, mwana wa Juma, mwana wa Boy. Huyo Juma Boy naye alikuwa na jina kubwa nchini, maana aliwahi kuwa katibu mkuu wa COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Hebu litazame hilo Boy lenyewe, neno la Kizungu la kumwitia mvulana au mtumishi wa nyumbani. Kwale limekaa, limeheshimiwa, limerithiwa, na mwishowe limechapishwa kwenye karatasi za kura.

Sasa mfikirie mkaza mwana aliyezaa katika boma la mkwewe Juma. Mtoto ni Juma, sawa. Lakini je, ataweza kusimama uani na kupiga kelele, "Juma, mjinga wewe, toka kwenye tope!" huku mkwewe amekaa barazani anakunywa kahawa? Hawezi. Hata kulitaja tu jina la mkwe, bila tusi, wanawake wengi hulikwepa. Basi mtoto anakuwa Baba, au Babu, au Bwana, au Mzee, na wanaosema Chidigo humwita Tsawe. Msichana aliyebeba jina la nyanyake anakuwa Mama kabla hajaota meno. Mgeni kutoka bara akipita akamsikia mama anamwambia mtoto wa miaka mitatu, "Mzee, njoo unywe uji", hudhani ni mzaha. Ni heshima inayopita juu ya kichwa cha mtoto kwenda kwa mwenye jina.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa siku ile ile ya akika, wakati mbuzi bado yuko jikoni na nywele za mtoto zimeshanyolewa. Kaeni na mama mkwe mkubaliane mtoto ataitwaje humu ndani. Likiachwa lijitafute lenyewe, mama atamwita Baba, shangazi atamwita Bwana Mdogo, babake atamwita Juma pale mkewe anapoogopa kuita, na mtoto atakuwa na majina matatu ya kuitikia kabla hajajua kutembea. Hilo halimdhuru, watoto wana akili. Linalodhuru ni pale familia inaposhindwa kuelewana, kila upande ukang'ang'ania wa kwake, na jina la mtoto likawa uwanja wa kupimana nguvu kati ya wakwe.

Kurithi majina kuna tatizo jingine ambalo watu hulisahau mpaka limewafika. Babu mmoja akiwa na wana watano, na kila mwana akampa kifungua mimba wake jina la babu, boma zima lina akina Juma watano, na pengine wote wako katika shule moja. Hapo lakabu ni lazima. Swali ni nani atakayeitoa. Mkichelewa, watoto wataigawa wenyewe, na watoto hugawa kwa wanachokiona: Juma Kichwa, Juma Mweusi, Juma Meno. Mkiwahi, mna njia mbili zilizojaribiwa na wazee. Ya kwanza ni kumfunga mtoto kwa mamake: Juma wa Mwanasha, Juma wa Rehema. Ni njia nzuri, haina kejeli ndani yake, na kwa Wadigo, ambao ukoo wa mama kwao una uzito tangu jadi, inamkaa mtoto vizuri. Ya pili ni kwa umri: Juma Mkubwa, Juma Mdogo. Hii hufanya kazi kwa muda tu. Nimewahi kukaa harusini na Mdogo mwenye ndevu nyeupe na wajukuu, aliyemzidi Mkubwa kwa kimo na kwa mali, na bado kila aliyempakulia pilau alikuwa akimwita Mdogo.

Tukitoka uani tunaingia kwenye kazi ya mdomo. Hapa hakuna ubaya wa mtu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na jina refu linapoitwa kwa haraka, kutoka upande wa pili wa uwanja wa mpira, kinachobaki ni silabi mbili. Ama mbili za mwanzo: Suleimani akawa Sule, Ramadhani akawa Rama, Ibrahimu akawa Ibra. Ama mbili za mwisho, pale mkazo ulipo: Khadija akawa Dija, Abdalla akawa Dalla na hatimaye Dulla. Yapo yanayogeuka zaidi ya hapo, Mohamedi akaitwa Mudi na Mwanahamisi akaitwa Mishi, lakini ukichunguza majina ya rika lolote utaona mengi yamepita katika mojawapo ya milango hiyo miwili.

Hii ina faida kubwa kwa mzazi. Jina mnalolitaka likateni kabla mtaa haujalikata. Lisemeni mwanzo wake, kisha lisemeni mwisho wake, kwa sauti, mkiwa mmesimama mlangoni kama mnaoita mtoto magharibi imekaribia. Kisha mjiulize kama kipande kimojawapo ni neno. Kassimu mwisho wake ni Simu, na mtoto wa leo hatasamehewa. Halima ni Lima. Ramadhani ikikatwa nyuma ni Dhani, lakini mbele ni Rama, na Rama ni jina zuri, tena limeshashinda kila mahali. Fatuma ni jina tukufu, jina la gavana wetu wa sasa Fatuma Achani na la maelfu ya nyanya zetu, lakini nusu yake ni Tuma, na siku hizi neno hilo haliishi bila mkia wake: tuma na ya kutoa. Athumani mkate wenyewe, mimi simo.

Yako pia majina ambayo hayahitaji hata kukatwa. Saumu ni mtoto aliyezaliwa mwezi wa funga, jina la ibada kabisa, na darasani ataitwa Kitunguu. Pili ataitwa Pilipili. Tatu atapita mbele ya wavulana waliokaa juu ya ukuta na kila mmoja ataendeleza hesabu. Simaanishi kwamba majina haya yaachwe, hasha, ni majina yetu, na sipendi kuona Saumu na Pili wakipotea wakati Brayani na Shantel wanaongezeka. Nasema mzazi ajue utani wenyewe utakuwa upi, ili mtoto asiusikie kwa mara ya kwanza akiwa peke yake. Mtoto aliyeimbiwa na mamake wimbo wa kitunguu saumu tangu ananyonya hatalia akiitwa Kitunguu na mtoto wa jirani. Atamjibu.

Majina yanayoanza na Mwana yana mambo yake. Mwanaisha, Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanasiti, Mwanamkasi: darasa la Kwale likiitwa rejista utadhani mwalimu amekwama. Mwalimu mgeni, ambaye kwao majina haya hayapo, huona kichwa kimoja kinachojirudia na humwita kila msichana Mwana. Wakigeuka sita kwa pamoja, ndipo anapotafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi ni jina la baba. Msichana anakaa shule ya bweni miaka minne akiitwa Bakari. Ukimpa binti yako jina la namna hii, chagua tangu mwanzo ni ncha gani utakayoishika. Mwanaisha wako awe Isha au Nasha, lakini jina liwe moja, na yeye mwenyewe alijue kiasi cha kumwambia mwalimu siku ya kwanza, "Naitwa Isha". Walimu wengi hufurahi kupewa jina fupi. Inawapunguzia kazi.

Kwa majina yenye Abdul, Waislamu wenzangu mnalijua lililopo. Abdulrahman akikatwa nyuma anabaki Rahman, Abdulrazak anabaki Razak, na hizo ni sifa za Mwenyezi Mungu zisizomfaa kiumbe. Masheikh hutofautisha: yapo majina kama Karim ambayo mwanadamu anaweza kuitwa nayo, na yapo ambayo ni ya Mungu peke yake. Ustadhi wa chuoni atakemea, na ana haki ya kukemea, ila yeye yuko na mtoto saa mbili kwa siku na mtaa uko naye saa zilizobaki. Dawa ni kuushika mwanzo wa jina nyumbani kabla haujaponyoka. Muiteni Abdu, mara kwa mara, kila mtu. Mtoto anayefika uwanjani tayari ni Abdu hana nafasi ya kukatwa nyuma. Mkishindwa na hilo kwa sababu yuko Abdu mwingine jirani, chagueni jina jingine mapema, wala hakuna aliyewalazimisha.

Kuna watu wanaodhani kufupisha jina lolote ni kulikosea adabu. Sikubaliani nao. Imepokewa kwamba Mtume mwenyewe alimwita mkewe Aisha kwa kufupisha, Aish, kwa mapenzi. Sahaba aliyesimulia hadithi nyingi kuliko wote tunamjua kwa lakabu ya paka wake, Abu Huraira, na ni wachache katika chuo chochote cha Diani au Msambweni watakaokuambia haraka kwamba wanazuoni wengi wanasema jina lake lilikuwa Abdurrahman. Kilichokatazwa, katika Suratul Hujurat aya ya 11, ni kuitana kwa majina ya kuudhi. Kipimo hicho kinatosha kwa mambo mengi: anayeitwa akisikia, uso wake unakuwaje?

Na msisahau kwamba jina mtakalompa mtoto mtalivaa nyinyi. Siku mtoto wa kwanza anapozaliwa, mama hupoteza jina lake. Hataitwa Zuhura tena sokoni wala kwenye chama, ataitwa Mama Rama, na babake Baba Rama, hata na wenye nyumba wao. Mijikenda wamelifanya jambo hili kwa muda mrefu. Shujaa wa Wagiriama aliyewapinga Waingereza mwaka 1913 na 1914 alizaliwa akiitwa Mnyazi wa Menza, na historia inamkumbuka kama Mekatilili, yaani mamake Katilili. Kwale mambo yamekwenda mbele hata zaidi: Mejumaa na Mebakari ni majina wanayopewa watoto wachanga wa kike siku ya kwanza. Mtoto hajaota jino na ameshakuwa mama wa mtu kwa jina, kwa sababu nyanyake ndivyo alivyojulikana na jina hilo ndilo lililorithiwa. Basi ukiona kijana wako ameanza kuitwa Kobe na ukacheka, cheka ukijua kwamba kabla ya mwaka kwisha utakuwa Mama Kobe dukani.

Nakuja kwenye makaratasi, na hapa naomba utulivu, kwa sababu ndipo watu wanapoumia kweli. Mtaa unaruhusiwa kuwa na jina lake. Serikali lazima iwe na moja, na liwe moja lile lile kutoka kliniki hadi kaburini. Mtoto aliyezaliwa hospitalini hupewa taarifa ya kuzaliwa hapo hapo; aliyezaliwa nyumbani, taarifa hutolewa kwa naibu wa chifu. Kosa la kwanza hufanyika dakika hiyo. Karani anauliza jina, nyanya aliyembeba mtoto anataja analolijua yeye, yaani la nyumbani, na cheti kinatoka kimeandikwa Babu au Mama au Mishi. Kosa la pili ni la tahajia. Fatuma, Fatma na Fatima kwa mdomo ni ndugu, kwenye kompyuta ni watu watatu. Hamisi na Khamis vivyo hivyo, Swaleh na Saleh vivyo hivyo.

Andikeni jina kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, majina yote matatu, mkiwa nyumbani na akili zimetulia. Karatasi hiyo apewe atakayekwenda kuandikisha, na asiseme kitu, aitoe tu. Nambari za kitambulisho cha baba na cha mama ziwe pale pale. Cheti kikitoka kisomwe hapo dirishani, herufi kwa herufi, kabla hakijakunjwa.

Ikiwa mmeshakosea, bado kuna nafasi. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, humruhusu mzazi kusajili jina lililobadilishwa ndani ya miaka miwili tangu mtoto asajiliwe, kwa ada na ushahidi msajili atakaoutaka. Miaka miwili inaonekana mingi, lakini mtoto wa Kwale hutafutiwa cheti kwa pupa siku ya kuingia shule ya chekechea, na kosa hugunduliwa anapofika kwenye usajili wa mtihani wa kitaifa. Tangu Wizara ya Elimu ianzishe mfumo wa NEMIS mwaka 2017, mwanafunzi huingizwa kwa nambari ya cheti cha kuzaliwa, na jina linalofuata cheti ndilo linalomfuata mtoto kwenye matokeo, kwenye kitambulisho na kwenye pasipoti. Kijana anayetaka kwenda kufanya kazi Qatar au Saudia, na wako wengi hapa Gombato na Bongwe, anajikuta amekwama kwa sababu cheti cha shule kinasema Rama na cheti cha kuzaliwa kinasema Ramadhani.

Mtu mzima naye ana mlango wake, hati ya kisheria ya kubadili jina ambayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Wanasiasa wanaijua vizuri thamani ya mlango huo, kwa kuwa mpiga kura humpigia kura mtu anayemjua. Gavana wa Nairobi aliyechaguliwa mwaka 2017 alizaliwa Gidion Kioko Mbuvi, lakini ukilitaja jina hilo bila Sonko watu watakuuliza ndiye nani. Huku kwetu Chirau Ali Mwakwere, aliyekuwa mbunge wa Matuga na waziri, hakuhitaji karatasi yoyote: lakabu yake ya Zipapa ilitosha kuujaza uwanja.

Sasa majina mabaya. Haya yanatoka darasani, uwanjani na kwenye steji ya bodaboda, na husimama juu ya mwili wa mtu: mguu, jicho, rangi, kigugumizi, kimo. Mengine husimama juu ya siku moja tu. Mtoto amejikojolea mbele ya wenzake akiwa darasa la pili, na anapooa bado wapo wanaomwita kwa tukio hilo. Mzazi akilisikia jina kama hili mara ya kwanza hufanya yale yasiyofaa: huenda kwa wale watoto akawafokea, naye akirudi nyumbani jina limeota mizizi, kwa sababu sasa lina kisa cha kusimulia.

Fanya hivi badala yake. Kwanza, lisiingie nyumbani. Kaka na dada wakilitumia hata kwa mzaha, wakomeshwe, maana jina linalotumiwa na ndugu limepewa muhuri. Pili, mtafute kiongozi wa kundi, kwani kila kundi lina mmoja ambaye akiacha kusema jambo wengine huacha. Zungumza naye peke yake, kama mtu mkubwa na mwenziwe, umwombe. Watoto wa aina hiyo hupenda kuombwa. Tatu, na hili ndilo lenye nguvu, mletee mtoto jina mbadala lenye sifa. Jina halifukuzwi na katazo, hufukuzwa na jina. Kama anaogelea vizuri, kama ni kipa, kama anajua kukwea mnazi, muite kwa hilo mbele za wenzake, mara moja, kisha uache lifanye kazi. Wajomba wanafaa sana kwa shughuli hii. Mjomba, au aphu kama tunavyomwita kwa Chidigo, akija Ijumaa na kumwita mpwawe Kipa mbele ya vijana, jina hilo lina miguu.

Mwalimu anayetumia lakabu ya kuudhi ni jambo jingine kabisa, na hapo usizungukezunguke. Nenda shuleni, umwone yeye kwanza, kisha mwalimu mkuu. Mtoto anaweza kuvumilia kuitwa Kiguru na mwenzake, kwani atamjibu kwa jina la kwake. Mwalimu hana wa kumjibu.

Lakini isiwe kila jina dogo ni la kupigana nalo. Fatuma binti Baraka wa Zanzibar aliitwa Kidude, kitu kidogo tu, na alipofariki mwaka 2013 akiwa mkongwe wa taarabu na unyago, dunia nzima ilimlilia Bi Kidude. Msanii mwenzake wa kizazi kilichotangulia alizaliwa Fumba akiitwa Mtumwa, na watu wakampandisha wenyewe mpaka akawa Siti, jina la bibi mwenye daraja. Majina mawili yamekwenda njia mbili: moja lilianza dogo na mwenyewe akalijaza, lingine lilibadilishwa. Hakuna mzazi aliyeweza kuyaona hayo kutoka kwenye kitanda cha uzazi.

Mwisho kuna umri wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, ambapo mtoto mwenyewe huanza kujipa jina. Salimu anataka kuitwa Sally kwenye simu, Omari amekuwa Ommy, na Mwanamisi amejiandika kwa jina ambalo hata yeye hulikosea herufi. Ufuo wa Diani umeizidisha tabia hii. Vijana wanaouza vinyago na safari za mashua wamezoea kujiita kwa majina ambayo Mjerumani au Mwitaliano ataweza kuyatamka na kuyakumbuka kesho yake: Captain, Jack, na wengine wa ajabu zaidi. Ni jina la kazi, na mwenyewe hulivua akifika kwao jioni. Sioni kosa. Kijana anayejua kutumia jina moja ufuoni, jingine msikitini na jingine kwa mamake ana ustadi ambao wengi wetu hatukuwa nao.

Kwa hiyo binti yako akirudi kutoka shule ya bweni na kusema kwamba hataki tena kuitwa Mwanamisi, usilifanye suala la ukoo. Muulize anataka kuitwa nani, na nani anamwita hivyo sasa. Akikuambia ni marafiki zake, muite jina hilo wiki moja, kwa sauti, mbele ya wageni, ukilikosea kidogo. Wengi huliacha wenyewe. Asipoliacha, basi analitaka kweli, na wewe liweke pamoja na mengine aliyokwishakuwa nayo. Lakini fomu ya usajili wa mtihani ijazwe ukiwa umekaa naye meza moja, cheti cha kuzaliwa kikiwa wazi kati yenu, na jina linakiliwe kama lilivyo pale, hata kama analichukia.